Puto Ambalo Hakuna Aliyelipima

Naandika haya nikiwa bado na hasira. Watu wameniambia ningoje ipoe kwanza, lakini nikingoja hilo nitazeeka sijaandika. Kama una mtu wako amelala ICU na bomba la kupumulia mdomoni, soma, hata kama sauti yangu inakukwaruza. Siandiki ili unionee huruma. Naandika ili uende ukaulize swali ambalo hakuna aliyeniulizia mimi.

Naitwa Moraa, ingawa hapa Litein wengi wananiita Mama Chebet. Nilizaliwa Kisii, nikaolewa na Mkipsigis, na sasa nimekaa huku miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu. Siku za soko nauza mitumba, blauzi za akina mama na sweta za watoto. Siku zingine nachuma chai yetu, shamba dogo linaloteremka mpaka kijitoni.

Ilikuwa Januari, jua kali, mikaratusi ya mpakani imechanua. Wesley, mdogo wake mume wangu, alikuwa ametundika mizinga ya nyuki kwenye miti hiyo. Mpaka leo sijui ni nini kiliwachokoza. Nilikuwa nimeinama kwenye mstari wa mwisho wa chai, nikasikia mlio juu ya kichwa, na kabla sijainuka walikuwa wameshaingia kwenye nywele, shingoni, masikioni. Nilifungua mdomo kupiga mayowe, wakanichoma ulimi.

Nilipofika barabarani ulimi ulikuwa umejaa mdomo mzima. Wesley ndiye aliyenibeba kwa pikipiki yake, mume wangu amekaa nyuma amenishika nisianguke. Nakumbuka Wesley akipiga kelele njia nzima, "Shemeji, pumua! Shemeji, usilale!"

Kwenye hospitali ndogo ya karibu, daktari kijana aliniangalia mara moja tu. Akasema, "Mama, koo linafunga. Nitakuwekea bomba upumue. Utalala kidogo." Huyo simlaumu, na nataka lieleweke. Aliliingiza bomba wakati zilikuwa zimebaki dakika chache tu koo lizibe. Alijaza puto haraka kwa sababu nilikuwa nakufa mbele yake. Mungu ambariki popote alipo.

Nieleze hilo puto, kwa sababu mimi sikujua lipo mpaka lilipokuwa limeshaniharibu. Karibu na ncha ya bomba kuna puto dogo. Bomba likishashuka kooni, puto linajazwa hewa kwa sindano isiyo na ncha, ili hewa ya mashine isivuje na mate yasiteremke mapafuni. Hewa ikiwa kidogo, linavuja. Ikizidi, linabana ukuta wa njia ya hewa mpaka damu haipiti hapo, na nyama inaanza kufa. Kuna kipimo kidogo cha mkononi chenye mshale na eneo la kijani. Unakichomeka kwenye mrija uliobaki nje, unaangalia mshale, unaongeza au unapunguza hewa. Sayansi yangu inaishia hapo.

Kutoka hospitali ile ndogo nilipelekwa kwa ambulensi hadi hospitali kubwa zaidi, yenye ICU. Jina lake silitaji. Nililala huko zaidi ya wiki. Ninayoyajua kuhusu siku hizo nimeambiwa na mume wangu, Kipkorir, aliyekaa kwenye benchi la nje na wenzake waliokuwa na wagonjwa ndani. Anasema walifahamiana kama watu wa familia moja. Walipeana chai ya chupa, walilindiana viatu, na mlango ulipofunguliwa wote walisimama kwa pamoja bila kujua ni nani anayeitwa.

Kila asubuhi alikubaliwa kuingia kidogo. Anasema daktari mkubwa alikuwa anakuja, anakishika kijiputo cha nje, cha mwisho wa ule mrija wa puto, kilichoning'inia karibu na shavu langu, anakibonyeza kwa vidole viwili, kisha anasema, "Iko sawa." Kipkorir alifurahi kila aliposikia hivyo. Alirudi kwenye benchi na kuwaambia wenzake, "Wamesema iko sawa."

Bomba lilitolewa, nikaamka, nikarudi nyumbani nikiwa nimekonda na sauti imekauka. Majirani walikuja na maziwa. Mama mkwe wangu alinishika uso kwa mikono miwili akalia. Tulipeleka mbuzi kwa wale wahudumu wa ICU, kuwashukuru. Kila nikikumbuka yule mbuzi, damu inachemka.

Mvua za Aprili zilipoanza, nikaanza kuishiwa na pumzi nikipanda kutoka kijitoni. Nilidhani ni udhaifu. Halafu ukaja mluzi. Sio kikohozi, sio kukoroma, ni mluzi mwembamba kila nilipovuta hewa. Chebet wangu aliniambia, "Mama, unapiga filimbi ukiongea." Tulicheka siku hiyo.

Nikaenda zahanati. Benchi, foleni, mvua kwenye mabati, watoto wanalia. Wakaniambia ni pumu, wakanipa pampu ya kuvuta. Haikusaidia. Nikarudi, nikapewa pampu nyingine. Nikarudi tena, nikaambiwa ni vumbi la mitumba, niache biashara. Mara ya mwisho mhudumu mmoja, bila hata kuinua macho, akaniambia, "Mama, hii ni wasiwasi. Ulishtuka na nyuki. Jaribu kuomba na kupumzika." Nilikuwa nimeshikilia meza yake kwa mikono miwili ili niweze kuvuta hewa.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimewahi kuwekewa bomba.

Nyumbani mambo yakaharibika polepole. Mama mkwe alitaka mizinga ichomwe moto. Wesley hakubishana. Aliishusha mwenyewe akaipeleka kwa rafiki yake huko Sigor, na baada ya hapo akaacha kuja kwetu. Alikuwa anaona aibu, na mimi sikuwa na pumzi ya kumfuata nimwambie arudi. Kipkorir akahamia kwenye kochi la sebuleni. Nilidhani amenichoka. Nikanuna, hata chai yake nikawa naisukuma mezani bila neno. Siku moja mchana, tukiwa tumeketi nje tunachambua maharagwe, aliniambia bila kuniangalia, "Nikiwa karibu na wewe nasikiliza kila pumzi. Ikitoka, nangoja ile ingine. Siwezi kulala hivyo, Moraa. Naogopa ile moja haitakuja."

Kulikuwa na neema ndogondogo, nisiseme uongo. Atieno, mama wa kutoka upande wa ziwa ambaye meza yake ya viatu iko karibu na yangu sokoni, alianza kuninadia bila kuombwa. Mimi siwezi kuita mteja, yeye anaita kwa ajili yetu wote wawili: "Viatu hapa! Sweta hapa! Huyu mama hana maneno mengi, njoo ununue haraka!" Nilipokaa chini kwa sababu ya pumzi, alisogeza mwavuli wake unifunike. Hakuniuliza maswali.

Julai, baridi ikiwa imeingia kwenye mifupa na mvua ya mawe imepiga chai mpaka vikonyo vikabaki uchi, nilianguka sokoni. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Kakangu aliye Nairobi akasema yatosha, nipelekwe huko.

Daktari wa Nairobi alikuwa mwanamke wa umri wangu, mtulivu. Alinisikiliza nikivuta hewa kabla sijafika kwenye kiti. Swali lake la kwanza likawa, "Mwaka huu umewahi kuwekewa bomba la kupumulia?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Kipkorir akaanza kulia hapo hapo, mbele ya daktari, kwa sababu alielewa kabla yangu kwamba hilo ndilo swali tulilokuwa tukilizunguka tangu Aprili.

Alinipitisha kamera kooni, kisha akatuonyesha picha. Njia yangu ya hewa ilikuwa imejaa kovu pande zote, na katikati pamebaki tundu kama la mrija wa soda. Akaweka kidole kwenye picha. "Kovu liko hapa. Ndipo puto la bomba hukaa. Siwezi kuapa mbele ya hakimu, sikuwepo. Lakini mahali ni hapa, na umbo ni hili."

"Puto gani?" Kipkorir akauliza. Daktari akaeleza. Alipofika kwenye habari ya kipimo chenye mshale, Kipkorir akainua vidole vyake viwili, kidole gumba na cha shahada, akavibonyeza pamoja hewani. "Walikuwa wanafanya hivi," akasema. "Kila asubuhi. Wanasema iko sawa."

Daktari aliangalia dirishani.

Alinipanua koo kwa vifaa, nikiwa nimelazwa usingizi. Nilipoamka hewa iliingia kama maji baridi, nikacheka kwa sauti iliyopasuka. Baada ya wiki chache mluzi ukarudi. Akanipanua tena, ukarudi tena. Kovu lilikuwa linajifunga kila likifunguliwa. Akasema itabidi kipande kile kikatwe kabisa, kisha ncha mbili zishonwe pamoja. Akanipa tarehe, niende nyumbani ningoje.

Wakati huo wa kungoja ndipo nilipomwambia Kipkorir anipeleke kwa ile hospitali yenye ICU. Hakutaka. Alisema, "Tutawaambia nini? Hao ni madaktari." Nikamwandikia kwenye simu, kwa sababu kuongea kulikuwa kunanimalizia pumzi: Nipeleke ama niende na bodaboda. Akanipeleka.

Daktari mkubwa alinitambua. Alinyoosha mikono. "Mama wa nyuki! Wewe ni muujiza wetu."

"Daktari," nikasema. Nilikuwa na pumzi ya maneno mawili au matatu, kisha navuta. "Lile puto. Mlilipima?"

"Puto?"

"La bomba," Kipkorir akasema. "Yule wa Nairobi anasema lilimbana koo."

Uso wake ulibadilika kidogo tu. "Hayo mambo hutokea. Mtu akikaa na bomba siku nyingi, kovu linaweza kuja. Ni kitu kinajulikana."

"Mlilipima?"

"Tunapima. Kwa vidole. Ukifanya kazi hii miaka mingi, vidole vinajua."

"Kipimo?"

"Kipimo kipo."

"Wapi?"

Alimgeukia nesi aliyekuwa amesimama mlangoni na faili. Nesi akajibu kwa sauti ya chini, "Kiko kwa kabati ya chumba cha upasuaji. Huwa kinafungiwa, kisipotee."

Mluzi wangu ndio uliosikika peke yake ofisini. "Kisipotee," nikarudia. Nikavuta hewa. "Na mimi je?"

Daktari aliweka mikono mezani akaniambia, kwa upole wa mtu anayemsemesha mtoto, "Mama, tusisahau kitu kimoja. Uko hai kwa sababu yetu. Bila hilo bomba ungezikwa Januari."

Alikuwa anasema kweli, na hiyo ndiyo sehemu inayonikasirisha kuliko zote. Wameniokoa, halafu wakanipa wokovu wangu kama plasta ya kunifunga mdomo. Kana kwamba mtu aliyeokolewa hana haki ya kuuliza swali lingine maishani. Kipimo kilikuwepo. Hatukuwa kwenye zahanati isiyo na umeme. Kilikuwa kwenye jengo hilo hilo nililolala, nyuma ya ufunguo, kikitunzwa vizuri kuliko mimi.

Kipkorir, ambaye maisha yake yote anawaita madaktari "mkubwa" na kuvua kofia mbele yao, alisimama. "Daktari, kushukuru tulishashukuru," akasema. "Tulileta mbuzi. Leo tumeleta swali."

Tuliambiwa jambo hilo litaangaliwa.

Mvua za Novemba zikiwa zinaisha, nilipasuliwa. Sitaki kukudanganya wewe unayengoja upasuaji kama huo: ni mgumu. Nilipozinduka, kidevu changu kilikuwa kimeshonwa kwenye ngozi ya kifua, kwa uzi mnene, ili nisiinue kichwa na kuvuta pale paliposhonwa ndani. Siku kadhaa niliishi nikiangalia magoti yangu. Nilijua watu kwa viatu vyao. Kipkorir alininywesha supu kwa mrija, akanikata kucha, akanisuka nywele vibaya sana. Aliniambia habari za chai, nani amemaliza kupogoa, ng'ombe wa nani amezaa. Shingo iliniuma mpaka machozi yakadondoka moja kwa moja kwenye mapaja. Lakini hewa ilikuwa inaingia, na ilikuwa inaingia kimya.

Siku walipokata ule uzi, niliinua kichwa pole pole, na kitu cha kwanza nilichoona ni uso wa mume wangu. Alikuwa amezeeka.

Sauti yangu ya zamani haikurudi. Hii niliyo nayo ni nzito, ya kukwaruza, inaisha haraka. Kanisani waliniita nitoe ushuhuda. Nilisimama mbele, watu wakaanza kupiga makofi kabla sijasema. Nikasema, "Namshukuru Mungu niko hai. Na nimekasirika." Makofi yakakatika. Mchungaji akasogea kuchukua kipaza sauti. Nikakishika. Nikawaeleza habari ya puto na kabati, na kwamba mtu akilazwa waulize. Wengine waliinamisha macho. Baada ya ibada mama mmoja aliniambia nina roho ya uchungu, niombewe. Nikamwambia nitaombewa, lakini kipimo kwanza.

Sasa nifike kwa Wesley.

Mwaka uliofuata, mvua ndefu zilipofanya barabara kuteleza, aligongwa na lori kwenye barabara ya kwenda Sotik, yeye na pikipiki wakaingia mtaroni. Aliumia kichwa na paja. Akawekewa bomba, akapelekwa ICU. Ile ile. Hapakuwa na kitanda kingine popote, tulipiga simu kila mahali.

Niliingia saa ya kuona wagonjwa. Harufu ya dawa, mlio wa mashine, pazia la kijani lililochanika pembeni, vyote nilivijua kwa mwili ingawa nilikuwa nimelala hapo bila fahamu. Wesley alikuwa amevimba uso. Karibu na shavu lake kijiputo cha plastiki kilikuwa kimejaa, kigumu, kinang'aa.

Nesi aliyekuwa zamu alikuwa yule wa siku ile ofisini. Tulitambuana.

"Sista," nikamwambia, "hili puto limepimwa?"

"Daktari ameangalia asubuhi, mama."

"Ameangalia na nini?"

Akavuta shuka la Wesley, akalinyoosha.

"Kile kipimo kilitoka kwa kabati?"

"Kilitoka," akasema. "Mlipokuja kilitoka, tukakitumia kitambo kidogo. Halafu kikarudi."

Kikarudi! Ningeweza kupiga mayowe, lakini sina sauti ya mayowe tena, wameichukua. Nikafungua skafu yangu. Kovu langu linapita chini ya koo kutoka upande mmoja hadi upande wa pili. Nikasimama tu hapo, shingo wazi, nikimwangalia.

"Mama, wageni hawaruhusiwi..."

"Nenda ukilete, Sista. Sitagusa kitu. Nitasimama hapa mpaka urudi."

Alienda. Alirudi na kipimo kikiwa kwenye mfuko wa nailoni, kama kitu kipya cha dukani. Akakichomeka kwenye ule mrija. Mshale uliruka, ukapita kijani, ukaenda mbali. Akasema kwa sauti ndogo, "Ai." Akaachia hewa kidogo, akaangalia, akaachia tena, mpaka mshale ukarudi ukatulia mahali pake. Ilichukua muda mfupi kuliko niliotumia kufungua skafu.

Hakuniomba msamaha na mimi sikumshukuru. Alichomoa kipimo, akafuta ncha yake kwa dawa, akaenda kitanda cha pili, cha mzee mmoja ambaye hakuwa na mtu siku hiyo. Akapima. Kisha cha tatu. Hakukirudisha kwenye mfuko.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi na wale wanaongoja, nikalia kwa hasira mpaka mama mmoja nisiyemjua akanipa leso. Nililia kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo.

Basi wewe unayesoma ukiwa kwenye benchi kama hilo: uliza. Uliza limepimwa lini, na limepimwa na nini. Wakikwambia vidole, uliza kipimo kiko wapi. Watakuona msumbufu. Watakukumbusha kwamba wanaokoa maisha. Waambie unajua, kisha uulize tena. Na mtu wako akitoka akaanza kupiga mluzi, usikubali kuambiwa ni pumu mpaka mtu amwangalie kooni.

Wesley alitolewa bomba. Kipkorir alimwinamia kusikia neno lake la kwanza, akacheka, akageuka kutuambia: anauliza nani anakamua ng'ombe. Leo anatembea na gongo na mguu mmoja umekuwa mfupi. Ameanza kuja kwetu tena. Anakaa jikoni na kusimulia ajali yake kwa kila anayeingia, sauti nzito, safi, inayofika mpaka barabarani, na kila mara lori linakuwa kubwa zaidi. Chebet anamwambia, "Baba mdogo, hiyo tumeshaisikia." Mimi sijawahi kumkatiza.